Mnyonge Mnyongeni, Malipo Yake Yalindeni

Mfanyabiashara mdogo wa nguo wa Kariakoo analipa kiwanda cha ng'ambo kwa gharama kubwa kuliko tajiri, na kwa ulinzi mdogo kuliko tajiri. Huo ndio ukweli, na ni aibu yetu sote. Nausema leo kwa sababu nimechoka kusikia kila anayelizwa akiambiwa, "Umejitakia." Hakujitakia. Alitafuta njia halali ya kulipa inayolingana na mtaji wake, akaikosa, akapita palipokuwa na upenyo.

Magauni, jinzi, kadeti, madera na fulana za watoto zinazojaza fremu za Mtaa wa Kongo na Msimbazi, na zile za Eastleigh kule Nairobi, kwa sehemu kubwa zimeshonwa mbali. Nyingi hutoka Guangzhou, kwenye masoko kama Baima na Shahe. Nyingine hutoka Istanbul, kwenye mitaa ya Laleli na Merter. Zamani mtu alipanda ndege, akashika kitambaa, akabishana bei uso kwa uso. Siku hizi wengi huagiza kwa simu: picha kwenye WeChat, sauti kwenye WhatsApp, profoma, kisha namba ya akaunti.

Masharti ya kiwanda yanajulikana. Asilimia 30 ili mashine zianze kushona, asilimia 70 kabla mzigo haujatoka. Yatazameni vizuri masharti hayo. Siku mzigo unapakiwa, mwenye kiwanda ameshapokea senti yake ya mwisho, na mnunuzi hajagusa hata kifungo. Kama kitambaa ni chepesi kuliko cha sampuli, kama saizi ni za watoto wa shule, kama rangi inachuja ikifuliwa mara ya kwanza, atayajua hayo wiki kadhaa baadaye, mzigo ukishafunguliwa Dar es Salaam. Wakati huo amshike nani? Kuna wakili gani wa kumfungulia kesi Guangzhou kwa mzigo wa dola 2,000?

Tajiri hana shida hiyo. Tajiri huenda benki akafunguliwa barua ya dhamana ya malipo, ile ambayo wafanyabiashara wakubwa huiita LC. Benki yake inaahidi kulipa endapo tu nyaraka za usafirishaji zitaletwa kama zilivyoandikwa, na akitaka, cheti cha ukaguzi wa mzigo kinakuwa miongoni mwa nyaraka hizo. Ni ulinzi mzuri. Lakini mwenye fremu akiuliza, anatajiwa ada, dhamana na makaratasi ambayo kwa mzigo wake hayana maana. Anaondoka kimya. Nchi yetu ina ulinzi wa malipo, ila tumeuweka kwenye rafu ambayo mkono wa mnyonge haufiki.

Basi anabaki na TT, yaani kutuma pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki. Hapo ndipo anapokamuliwa. SWIFT, iliyoanzishwa mwaka 1973, husafirisha ujumbe tu. Pesa zenyewe hupita kwenye akaunti ambazo benki hufunguliana. Benki ya hapa inachukua ada yake. Benki ya kati inaweza kukata yake njiani. Benki inayopokea nayo inaweza kukata. Kiwanda kikipokea pungufu kinagoma kushona mpaka kiongezwe. Serikali nayo haiko mbali: tangu Julai 2016 ada za benki hutozwa VAT ya asilimia 18.

Fanyeni hesabu. Chukueni mfano kwamba ada zote zimefika dola 60. Kwa anayelipa dola 2,000, hiyo ni asilimia 3 ya mtaji wake. Kwa anayelipa dola 200,000, ni asilimia 0.03. Huduma ni ileile, lakini mdogo ameumia mara mia zaidi ya mkubwa. Na bado hatujagusa mahali benki inapochuma kimyakimya: kiwango cha kubadilishia. Shilingi inauzwa ili inunuliwe dola, dola inauzwa ili inunuliwe yuan, na kila inapogeuzwa kuna anayebaki na chake. Kwenye risiti utaona ada. Faida iliyofichwa ndani ya kiwango hutaiona kwa sababu haiandikwi. Huo si uwazi, na mimi sitauita kwa jina zuri.

Akichoka, mwenye fremu anatafuta njia ya pembeni. Anampa ajenti shilingi hapa Kariakoo, na jamaa wa ajenti analipa yuan kiwandani. Ni haraka, ni nafuu, haina fomu. Hiyo ndiyo hawala, na sitaidharau. Biashara ya Bahari ya Hindi ilisimama kwa karne nyingi juu ya neno la mtu anayejulikana yeye na ukoo wake. Lakini neno hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu mwenye kulitoa alikuwa na pa kutafutwa. Ajenti uliyempata kwenye kundi la WhatsApp hana ukoo unaoujua, hana ofisi, na kesho anabadilisha laini.

Tena wengi hawajui kinachotokea upande wa pili. China inamruhusu raia wake kubadilisha fedha za kigeni hadi thamani ya dola 50,000 kwa mwaka. Wenye mahitaji zaidi ya hapo wanatafuta vichochoro, na ndani ya vichochoro hivyo pesa safi ya gauni lako hukutana na pesa chafu ya kamari na utapeli. Polisi wa China wakifuatilia, wanafunga akaunti zilizopokea pesa hizo. Mwenye kiwanda anakupigia: akaunti imefungwa, mzigo hautoki. Utamwonyesha nini? Ujumbe wa ajenti unaosema "tayari bosi"?

Wengine sasa wanalipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali, wakidhani wamepata mwarobaini. Wajue kwamba Septemba 2021 Benki Kuu ya China ilitangaza kuwa biashara ya sarafu hizo ni haramu nchini humo. Mwuzaji anayekubali kulipwa hivyo ameshavunja masharti ya kwao kabla hajakushonea. Na ukikosea, au ukitapeliwa, hakuna dirisha la kwenda kulalamika.

Njia rasmi nazo zina wezi wake. Tapeli huingia kwenye barua pepe ya kiwanda, anasoma mazungumzo yenu kimya, anasubiri siku ya malipo, kisha anaandika kwa lugha ileile: akaunti yetu ya zamani inakaguliwa, tuma kwenye hii mpya. Pesa ikitua, imekwenda. Mwaka 2023 pekee, FBI ya Marekani ilipokea malalamiko zaidi ya 21,000 ya utapeli wa namna hii, na hasara ikapita dola bilioni 2.9. Ikiwa kampuni zenye wanasheria na wahasibu zinalizwa kiasi hicho, nani ana ujasiri wa kumwita mama wa Mtaa wa Kongo mjinga?

Dawa inajulikana, na waliotuuzia nguo ndio walioithibitisha. Mwaka 2004, Alibaba walipoanzisha Alipay kwa ajili ya soko lao la Taobao, tatizo lilikuwa hilihili: Mchina hakutaka kumtumia Mchina mwenzake pesa kabla ya kuona mzigo, na mwuzaji hakutaka kutuma mzigo kabla ya kuona pesa. Wakaweka mtu wa kati aliyeshika pesa mpaka mnunuzi aseme nimepokea. Soko likalipuka. Yaani Wachina wenyewe hawakulipana kwa kuaminiana tu, ila sisi tunamtaka mwenye fremu wa Kariakoo amwamini Mchina asiyemjua kwa mtaji wa mkopo wa kikundi!

Na msiniambie hatuna uwezo. M-Pesa ilizaliwa Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikaja Tanzania. Benki Kuu yetu imejenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu, na leo pesa inatoka Kigoma hadi Mtwara kabla hujamaliza kusema asante. Watu walioweza hayo hawawezi kushika dola 2,000 za mfanyabiashara mpaka mkaguzi aseme mzigo uko sawa? Wanaweza. Hawajalazimishwa.

Najua jibu la wenye benki. Watasema malipo madogo yana usumbufu wa ukaguzi, kwamba sheria za utakatishaji fedha zinawabana. Jibu langu ni kwamba utakatishaji hustawi hukohuko gizani mnakowasukuma watu. Oktoba 2022 FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, ilituweka kwenye orodha ya kijivu, tukatoka Juni 2025 baada ya kazi ngumu. Kama hatutaki kurudi, tuwalete hawa maelfu kwenye mwanga kwa kuufanya mwanga uwe nafuu. Ukiipandisha bei ya njia halali, unaifadhili njia haramu.

Ona na ukatili mwingine. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakadiria ushuru kwanza kwa bei halisi iliyolipwa. Afisa wa forodha akiwa na shaka na ankara yako, anataka ushahidi wa malipo. Aliyelipa kupitia ajenti hana. Anakadiriwa juu, anapandishiwa ushuru, kisha anaitwa mkwepa kodi. Serikali inamdai risiti ambayo mfumo wa fedha umeifanya kuwa ghali kuipata. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Kilio kilikuwa kodi na usumbufu wa ukusanyaji wake. Nawaambia viongozi: hamtamaliza ugomvi wa kodi Kariakoo kabla ya kumpa mwenye fremu njia nafuu ya kulipa inayoacha karatasi.

Kwa hiyo nataka mambo matatu, na siyaombi kama fadhila.

Kwanza, Benki Kuu izilazimishe benki na kampuni za kutuma pesa kumwonyesha mteja, kabla hajasaini, gharama yote kwa shilingi: ada, VAT, makato ya njiani, na tofauti kati ya kiwango chao na kiwango cha soko siku hiyo. Namba moja, kwa herufi kubwa.

Pili, benki zimfungulie mfanyabiashara mdogo njia ya kulipa yuan moja kwa moja kutoka kwenye shilingi yake, bila kumgeuzia pesa mara mbili, na kwa ada inayopanda na kushuka kulingana na kiasi.

Tatu, ianzishwe huduma ya kushika malipo kwa mizigo midogo: pesa ikae benki, mkaguzi atazame mzigo kiwandani, taarifa ikija nzuri pesa iende, ikija mbaya pesa irudi. Kampuni kama SGS, Intertek na Bureau Veritas zinafanya ukaguzi wa mizigo kila siku. Jumuiya ya Wafanyabiashara ikikusanya maagizo ya wanachama wake pamoja, gharama ya mkaguzi inagawanyika na kuwa ndogo.

Nawe mwenzangu mwenye fremu, usikae kungoja. Usitume pesa kwenye akaunti ya jina la mtu binafsi ilhali profoma ina jina la kampuni. Dai leseni ya biashara ya kiwanda. Ina namba ya herufi na tarakimu 18, na mtu anayesoma Kichina anaweza kuihakiki kwenye mfumo wa serikali yao. Ukiambiwa akaunti imebadilika, piga simu kwa namba ya zamani, usikie sauti au umwone mtu kwa video, ndipo utume. Kwenye profoma andikisha uzito wa kitambaa, vipimo vya kila saizi, rangi na idadi, na ubaki na sampuli iliyosainiwa. Asilimia 70 isitoke mkononi mwako kabla mtu wako hajafungua maboksi. Ukiagiza kupitia Alibaba, lipa ndani ya mfumo wao wenye ulinzi. Mwuzaji anayekushawishi ulipe pembeni ili akupunguzie bei anakutoa kwenye ulinzi huo. Kabla ya kutuma, uliza benki mbili au tatu swali moja: nikitoa shilingi hizi, kiwandani zitafika yuan ngapi? Anayekwepa kujibu, mkwepe.

Haya yatakupunguzia hatari, hayataimaliza. Kuimaliza ni kazi ya wenye mamlaka. Watu hawa ndio wanaolivisha taifa, wanalipa kodi ya pango, wanalipa ushuru, wanawalisha wapagazi, madereva na mafundi cherehani. Benki Kuu ina nguvu za kisheria, benki zina mitambo, wafanyabiashara wana jumuiya yao. Gavana, itisheni kikao, waiteni wenye benki na wenye fremu kwenye meza moja, na kabla hawajasimama mtuambie ni tarehe gani mama wa Mtaa wa Kongo ataanza kulipa kiwanda bila kukamuliwa na bila kuibiwa.