Zimwi Likishaonekana, Hofu Imekwisha

Haya jamani, leo tuweke habari za programu kando kidogo tuzungumzie sinema. Vijana wengi wanaoshika kamera hapa Nakuru wanataka zimwi la tarakilishi: macho mekundu, moto mdomoni, muziki wa kupasua masikio. Kazi yangu ni tarakilishi, kwa hivyo ufundi huo nauheshimu. Lakini nikikaa kutazama, nataka taharuki. Zimwi likishaonekana lote, hofu imekwisha.

Mfano tunao hapa hapa. Wakikuyu waliiita Menengai Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mizimu. Mizimu yenyewe nani ameiona? Kuna mvuke unaofuka miambani, upepo, na simulizi za mashujaa wa Kimaasai waliotupwa shimoni katika vita vya karne ya 19. Basi. Hata hivyo, wangapi kati yenu mtakubali kulala kule peke yenu?

Steven Spielberg alilijua hili. Katika Jaws (1975) papa wa bandia alikuwa akiharibika kila mara baharini, ikabidi afichwe. Filamu inapita saa nzima kabla hatujamwona sawasawa, na watu waliogopa kuogelea! Hata tarakilishi zilipoweza kuchora dinosau, kwenye Jurassic Park (1993), kilichotushika kwanza ni maji yanayotetemeka ndani ya gilasi.

Na Wakenya je? Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya inaanza na Kaleche akijikuta nyikani, hakumbuki lolote, kisha anaambiwa kwamba amekufa. Kinachotia hofu ni swali: wenzake pale walikufaje, na wanaficha nini? Filamu hiyo ilipata tuzo ya wahakiki, FIPRESCI, kule Toronto mwaka huo huo.

Mtaniambia, "Na Pumzi je?" Kweli, filamu hiyo fupi ya Wanuri Kahiu (2009) isingeweza kutuonyesha dunia iliyokauka baada ya vita vya maji bila msaada wa tarakilishi. Lakini madoido yale yanajenga mahali tu. Kinachokufanya usibanduke kitini ni udongo kidogo na mbegu moja: itaota au haitaota?

Waandishi wa programu tunajua kwamba usipakie kitu kabla hakijaitishwa. Mtazamaji ana mashine yake kichwani, nayo inajua anachoogopa yeye: huyu fisi, yule nyoka. Ukimchorea kila kitu umeizima.

Tena kuna suala la pesa. Kijana wa Nakuru akishindana na Hollywood kwa madoido, atashindwa asubuhi na mapema. Kwa taharuki, wako sawa. Afadhali atumie shilingi zake kwa hadithi nzuri na kinasa sauti safi. Hatua za mtu nje ya nyumba ya mabati usiku, zikisikika vizuri, zinatosha.

Au nyinyi mwaonaje?