Si Kila Homa ni Malaria

Mtawanya, wilayani Kibiti, homa ina jina moja tu. Kijana akianza kutetemeka jioni, jirani hamuulizi mengi. Anamwambia akameze Mseto, dawa ya malaria. Mazoea hayo hayakuzuka hivi hivi, kwani mabonde ya mpunga ya Rufiji yamelea mbu vizazi kwa vizazi, na malaria imezika watoto wengi huku. Lakini imani kwamba kila homa ni malaria inaua.

Mwaka 2007 na 2008, watafiti walichunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, mjini Moshi. Madaktari waliwaandikia 528 malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14! Moshi si Kibiti, na huku malaria ni nyingi kuliko kule. Hata hivyo, wengine wote walikuwa wakiumwa kitu, na baadhi yao walikutwa na bakteria kwenye damu.

Bakteria hao, wakitokea kwenye jino bovu, jipu au kidonda, mara chache hunasa kwenye milango ya moyo na kuitafuna. Hupenda zaidi mlango uliokwisha kuharibika tangu utotoni. Lakini bakteria aina ya stafilokokasi huweza kuvamia hata moyo mzima wa kijana aliyekuwa akicheza mpira wiki iliyopita, kwa hiyo kusema "huyu bado mdogo, hawezi kuumwa moyo" ni kumwacha peke yake. Mgonjwa anapata homa, jasho la usiku, anakonda. Mwaka 1885 William Osler aliwaeleza madaktari wa London kwamba ugonjwa huu wa milango ya moyo huweza kufanana na malaria.

Kinachouma zaidi ni kinachofuata kipimo cha malaria kisipoonyesha kitu. Mgonjwa anapita duka la dawa, ananunua amoksilini ya siku tatu, homa inashuka, kisha inarudi. Dozi hiyo haiwezi kuponya mlango wa moyo, ambao kwa kawaida huhitaji dawa ya mshipa kwa wiki 4 hadi 6. Inachoweza ni kuwaficha bakteria, maabara ikaotesha damu isione kitu, na daktari akabaki gizani huku mlango ukiendelea kuoza.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, hubadilisha milango iliyoharibika. Ila homa inayorudi baada ya Mseto na kipimo safi inahitaji mambo mawili mapema zaidi: kifua kisikilizwe palepale zahanati, na mgonjwa apewe rufaa akaoteshwe damu kabla hajameza kidonge kingine.