Barua ya wazi kwa mkuu wa ukaguzi wa magari ya mashindano

Bwana Mkuu,

Nakuandikia kutoka Wote. Mdogo wangu ametoka hospitali, lakini mikono yake haishiki spana tena.

Gari ninalolisemea unalijua. Kabla halijaingia barabara ya vumbi upande wa Ikutha, watu wako walilibandika stika ya ukaguzi. Mfuko wa mpira ndani ya tangi ulikuwa na mwaka wa kutengenezwa, na muda wake ulikuwa umekwisha. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, ni kazi yako: mfuko hutumika miaka 5, na hauongezwi hata 2 mingine mpaka mtengenezaji aupime upya. Petroli hula mpira polepole, nao hupasuka penye mikunjo. Sponji ya ndani, inayozuia mafuta yasirukeruke, humeguka. Gari likibingirika, mfuko mzima hubonyea bila kuvuja. Lile lilipobingirika, ule ulivuja.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti cha mwelekezi. Gari halikuwa letu. Aliamini stika yako. Moto ulipowaka alifungua mkanda wake, akatoka, kisha akarudi kumfungua dereva. Hapo ndipo mikono ilipoungua. Dereva leo anatembea. Fundi aliyemlisha mama yetu kwa spana, sasa mama ndiye anayemtilia tonge mdomoni.

Gereji yake imefungwa, na mkopo wa mashine ya kuchomelea bado unadaiwa.

Nani alisoma tarehe ya mfuko ule? Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari ya daraja la juu yalikwenda Naivasha yakiwa na matangi ya kanuni hiyo hiyo. Je, ngozi ya Ukambani haiungui? Ni uzembe ule ule unaoacha petroli iuzwe kwa chupa za soda kando ya barabara zetu, Kitui hadi Kibwezi, watoto wakicheza karibu. Wenye kazi ya kukagua wanapita wakitazama mbele.

Nataka waliolikagua gari lile watajwe hadharani. Nataka tarehe ya kila tangi iandikwe kwenye fomu, dereva na mwelekezi waisome kwa macho yao ndipo watie sahihi. Mdogo wangu hawezi tena kutia sahihi. Mpaka hayo yatimizwe, msibandike stika nyingine Kitui wala Makueni.