Mti wa Kuuza na Msitu wa Kuhifadhi

Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi wetu kuhusu mazingira anaijua sentensi itakayomfikia kabla hajafungua ukurasa wa pili: kwamba mkata miti ni adui wa taifa, na kwamba miti isikatwe kamwe. Mwanafunzi huyo ameyaandika hayo akiwa ameketi kwenye dawati la mbao, chini ya paa lililoshikiliwa na mbao, na chakula anachokingojea saa ya adhuhuri kinachemka jikoni kwa kuni. Hatumlaumu, kwani ndivyo tulivyomfundisha. Hata hivyo, yafaa sisi walimu tujiulize iwapo amri hiyo moja ya kutokata imewahi kuuokoa msitu wowote, ama imetutuliza dhamiri tu huku shoka likiendelea na kazi yake mahali tusipopaona.

Tuchukue mfano wa Kalimoni, wadi ya Kaunti ya Kiambu iliyoko baina ya Ruiru na Thika, jirani na mji wa Juja. Nchi hii ilikuwa ya kahawa na makonge. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike kupanuliwa mwaka 2012, na kwa jinsi Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilivyozidi kukua, mashamba yamekatwakatwa yakawa ploti, na katika ploti hizo nyumba za orofa zinachipuka kila uchao. Mawe ya kujengea hayatoki mbali. Machimbo ya Ndarugu yako papo hapo. Lakini hebu tazama kinachoibeba zege kabla haijakauka: nguzo nyembamba za mkaratusi zilizosimamishwa moja kando ya nyingine kama wanajeshi gwarideni, na juu yake mbao za kuishikilia isimwagike. Ongeza mbao za paa, milango, vitanda vya wanafunzi wanaopanga vyumba, na makaa ya wauza chapati. Sehemu kubwa ya vitu hivyo haikumea Kalimoni. Imeletwa na malori. Kalimoni inakula miti isiyoiona ikikatwa, na kwa kuwa haiioni, inaweza kuendelea kutunga insha zake kwa moyo mweupe.

Hapa naomba niruhusiwe kuingiza fani yangu, kwa maana kosa letu limeanzia katika lugha. Kiswahili kina msitu, na kina shamba la miti. Msitu hujiotea, una miti ya kila rika na kila jina, una mitambaazi, nyani, uyoga, nyuki na hata mizimu. Shamba la miti hupandwa kwa safu na kwa kusudi, na mwenyewe anakadiria mwaka atakaovuna. Hakuna anayemshutumu mkulima wa mahindi kwa kuvuna mahindi. Lakini katika hotuba za viongozi, na hata katika vitabu vya kiada, viwili hivi vimetiwa kapu moja linaloitwa "misitu", na mkanganyiko huo una wenye kufaidika nao. Anayetaka kufyeka msitu wa asili husema kwamba atapanda misonobari, yaani msitu kwa msitu, kana kwamba hakuna kilichopotea. Naye mtetezi wa mazingira, kwa upande wake, humkaripia mkulima anayeangusha mti alioupanda kwa mkono wake mwenyewe. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilisema kwamba miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi yetu, na misitu asilimia 8.83. Ni takwimu za kutia moyo, maadamu Katiba inadai miti ifunike angalau asilimia 10. Ila msomaji asisahau kuwa ndani ya hiyo 8.83 misonobari ya safu imehesabiwa pamoja na mwitu wa kale.

Februari mwaka 2018, serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa muda wa siku 90. Siku hizo zilirefushwa tena na tena hadi Julai 2023. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo: mito ilikuwa imepungua, na jopo lililoundwa kuchunguza usimamizi wa misitu lilifichua uozo mkubwa katika shirika lililokabidhiwa misitu hiyo. Je, Kalimoni iliacha kujenga? Haikuacha hata siku moja. Mbao zilivuka mpaka kutoka Tanzania, ambako shamba la serikali la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote nchini humo. Nyingine zilitoka Uganda, na nyingine Kongo. Msonobari wa Sao Hill ulipandwa ili ukatwe, na ulipokatwa haukumpunguzia mtu msitu. Mti mgumu wa Kongo ni kisa kingine. Huo mara nyingi haukuwa na mpandaji. Wakati huohuo, katika mashamba yetu ya umma, misonobari na saipresi zilizokwisha kukomaa zilisimama zikipita umri wake. Shoka tulilolifukuza mlangoni petu lilikwenda kubisha kwa jirani.

Ndiyo maana nadai kwamba biashara ya miti, ikifanywa inavyopasa, ni mojawapo ya ngao za msitu wa asili. Msitu hauokolewi kwa watu kukosa mbao. Huokolewa mbao zinapopatikana kwingine kwa bei ambayo mwizi wa msituni hawezi kushindana nayo.

Wazee wa Kiambu na Murang'a hawana haja ya kuhubiriwa jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliletwa huku mti wa asili ya Australia, wa jamaa ya migunga, ambao Wakikuyu huuita muthanduku. Magome yake yaliuzwa, viwanda vya Thika vikayachemsha kupata dawa ya kutengenezea ngozi, na mti wenyewe ukachomwa makaa yaliyopelekwa Nairobi. Mkulima hakuupanda kwa kuyapenda mazingira. Aliupanda apate pesa za kodi na karo. Lakini mizizi ileile iliyomletea karo iliushika udongo wa miteremko na kuurejeshea rutuba, kama wafanyavyo ndugu zake wa jamii ya kunde. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuwafungulia Waafrika wengi mlango wa kupanda kahawa, muthanduku ulianza kung'olewa. Na sasa ni zamu ya kahawa kung'olewa ili ploti zipimwe. Sisemi kwamba muthanduku ulikuwa malaika. Mbegu zake hujitawanya zisikotakiwa, na Afrika Kusini wanahangaika nao hadi leo. Nasema tu kwamba faida ya mfukoni na faida ya udongo ziliwahi kukaa katika mti mmoja, tena hapa hapa kwetu.

Kuna hoja ya maji, nayo ni nzito kuliko zote. Inasemwa kwamba mashamba ya miti ya kigeni hukausha mito. Kwa bahati njema swali hili lilipimwa, si mbali na Kalimoni. Katika miaka ya 1950, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga, lilichagua mabonde ya vijito katika msitu wa Kimakia, kwenye milima ya Nyandarua juu ya Thika. Bonde moja liliachiwa mianzi yake ya asili. Jingine lilifyekwa, likapandwa misonobari, na wakulima wakaruhusiwa kulima mboga baina ya miche mpaka miti ilipofunga kivuli. H. C. Pereira na wenzake wakapima mvua iliyonyesha na maji yaliyotoka, mwaka baada ya mwaka. Misonobari ilipokuwa michanga, bonde lililofyekwa lilitoa maji mengi zaidi kuliko lile la mianzi. Ilipokomaa, matumizi yake ya maji yalikaribiana sana na ya mianzi. Kwa maneno mengine, penye mvua tele, udongo wa kina na usimamizi wa makini, shamba la misonobari halikukinyima kijito maji. Matokeo hayo si madogo kwa nchi ambayo mji wake mkuu unakunywa maji ya milima hiyohiyo kupitia bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994.

Ni kweli kwamba kijito hakihesabu ndege. Marehemu Wangari Maathai aliupinga vikali ule mtindo wa kuwapa watu mashamba msituni, wapande chakula kati ya miche, akisema kwamba umegeuza misitu ya asili kuwa bustani za mti mmoja. Na tunajua jinsi mtindo huo ulivyotumiwa vibaya hata ukapigwa marufuku mwaka 1987. Katika hilo nakubaliana naye kabisa. Mahali pa shamba la miti ni kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa au kuchoka, wala si ndani ya mwitu uliosalia.

Tena Kalimoni si Kimakia. Mvua yetu ni kidogo zaidi, na kadiri unavyoelekea mashariki nchi inazidi kukauka. Mkaratusi, ulioletwa nchini zaidi ya miaka 100 iliyopita ili upatikane kuni za kuendeshea garimoshi, una jina jingine kwa Kikuyu: munyua-mai, yaani mnywa maji. Waliolitoa jina hilo hawakuwa na vyombo vya kupimia vijito, lakini walikuwa na macho. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na katika ardhi chepechepe. Alikuwa na haki. Anayeupanda mkaratusi ukingoni mwa Ndarugu anawauzia wenzake nguzo na kuwanyang'anya maji. Aupande mbali na mto, na si pembeni mwa shamba la jirani.

Kwa Kalimoni yenyewe tusidanganyane: hakuna atakayengoja miaka 15 kwa mti kwenye ploti inayonunuliwa leo kwa mamilioni. Panapofaa hapa ni mipakani, katika viwanja vya shule na kanisa, na katika kahawa iliyosalia, ambako mukima, ambao wengine huuita mubariti, unaweza kuvunwa matawi yake kwa kuni huku shina likinenepa kuwa mbao. Mashamba makubwa yatakuwa kwingine, na nchi kavu isidharauliwe. Mukau wa Ukambani, ambao ni mti wetu wenyewe, hustahimili ukame, mbao zake haziliwi ovyo na mchwa, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) imefanya kazi kubwa ya kuuzalisha.

Mkulima wa Kitui atapanda ikiwa ana hakika ya mambo mawili: kwamba mnunuzi wa Kalimoni atauliza mbao zimetoka wapi kabla ya kuuliza bei, na kwamba siku ya kuvuna hatazungushwa ofisi hadi ofisi akitafuta kibali cha kusafirisha mti wake mwenyewe. La pili ni kazi ya serikali kuu na kaunti, na lingeweza kurekebishwa mwaka huu. La kwanza ni letu. Mwalimu wa Juja ana somo tayari nje ya lango la shule yake. Awatoe wanafunzi wahesabu nguzo zilizoibeba orofa moja, wamuulize fundi zilikonunuliwa, na wamfuate mwenye kuziuza wamuulize kama alikozitoa kumepandwa nyingine. Insha waiandike baada ya hapo.