Kibao cha Herufi: Tumpe Jibu Gani Fundi wa Homa Bay?

Nilikwenda Migori kumjulia hali mpwa wangu ambaye ni mwalimu huko, wala sikutazamia kwamba safari hiyo ingenirudisha kwenye ule mzozo wetu wa zamani wa herufi. Mpwa alikuwa na simu mbovu. Tukaipeleka kwa fundi karibu na kituo cha mabasi, na katika mazungumzo fundi akatwambia kwamba kijana mmoja aliyejifunza kulehemu kibandani pake sasa yuko Homa Bay, anabuni kibodi yake mwenyewe. Kesho yake tukapanda matatu, tukapitia Rongo, tukamkuta chumbani mwake, dirisha limeelekea ziwani.

Kibodi, yaani kile kibao cha kuchapia, ndani yake mna bodi iliyochorwa njia za shaba za kupitisha umeme. Kijana huyu alichora yake kwa programu iitwayo KiCad, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, nayo hutolewa bure. Vitufe 60 vingehitaji njia 60 kama kila kimoja kingekuwa na yake. Yeye amevipanga safu 5 za kulala na 12 za kusimama, basi njia 17 zatosha. Kila kitufe kina daiodi, mfano wa mlango wa upande mmoja: umeme ukishapita haurudi. Pasipo daiodi, mtu akibonyeza vitufe vitatu pamoja huweza kutokea herufi ya nne ambayo hakuigusa.

Bodi yake ya kwanza ilikuwa hasara. Miguu ya chipu aliichora kinyume, kama mtu ajionavyo kiooni, na kiwanda kule Shenzhen hakikubali kutengeneza chini ya bodi 5, basi zote 5 zikaja na kosa lile lile. Amezitundika ukutani. Sehemu za kulehemia zimepakwa dhahabu nyembamba. Nikamwambia, ninyi jirani zenu wanachimba dhahabu Macalder, nawe waletewa dhahabu kutoka Uchina juu ya bodi mbovu! Nikacheka peke yangu.

Lililonipendeza zaidi ni kwamba ramani yake, pamoja na kosa alilolisahihisha, ameiweka wazi. Atakaye na aichukue, airekebishe, aigawe, mradi na yeye asimfungie mwenziwe. Sisi tuliosoma chuoni jambo hilo si geni kwetu. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na mwenye kunakili alitia jina lake mwishoni, akaomba dua, kitabu kikaendelea na safari kwa mtu mwingine.

Na kwa nini ajisumbue, ilhali kibodi zimejaa madukani? Mpangilio tunaoutumia ulitoka Marekani kwa Christopher Latham Sholes, na mashine za Remington zikauzwa nao tangu 1874. Kiswahili hakikuwamo katika hesabu yao. Herufi A, ambayo kwetu ndiyo inayotumika kuliko zote, imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, nazo Q na X zimepewa nafasi na hazina kazi. Kijana ameweka kitufe kimoja cha ng'. Ukikibonyeza hutoka n, g na alama yake kwa mpigo mmoja. Lugha yake ya Kijaluo yaihitaji sauti hiyo katika ng'ato, kama sisi tunavyoihitaji katika ng'ombe.

Hapo nikamtajia haja yangu. Mashairi yangu mimi huyaandika kwanza kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofanya Mwalimu Sikujua alipomnakilia Mzungu Taylor tungo za Muyaka, nami huona tabu kuyachapa, maana kibodi ya kawaida ya Kiarabu haina pe wala che. Akanieleza kwa adabu kwamba kitufe hakipeleki herufi bali namba, na kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo ni herufi gani. Kwa hiyo ng' ya Kilatini yaweza kukaa ndani ya bodi ikafanya kazi popote, lakini herufi zangu zahitaji bodi na pia programu ndani ya kompyuta. Yote mawili, alisema, yawezekana. Kisha akachukua karatasi.

"Mzee, nitajie herufi zenu zote, mimi nitazitafutia mahali."

Nikaanza vizuri. Pe, che, ga, ve. Nilipofika kwenye e na o nikakwama. Waandishi wengi wa zamani waliandika i na e kwa kasra moja, u na o kwa dhamma moja, wakamwachia msomaji ajue mwenyewe. Mwaka 1997 Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapendekezo ya kulitengeneza jambo hili. Je, tumekubaliana? Ninavyoona mimi, katika barua ninazoletewa na wazee wa kwetu, kila mkono una alama yake, na kila mmoja ashikilia ya mwalimu wake. Tunalalamika kwamba mitambo imetusahau. Fundi ameketi mbele yangu na kalamu mkononi, mimi sina la kumwambia.

Hakunilaumu. Alichora karatasi ile hadi mwisho, akaacha vitufe viwili vitupu, akaniambia bodi hii mpya hataipeleka kiwandani mpaka nimletee jibu. Karatasi ninayo hapa. Walio Lamu, Mombasa, Vanga na Unguja wenye rai juu ya vitufe hivyo viwili na waniandikie.