Kiti cha Henzirani Kirudishiwe Rangi

Dada yetu mmoja akaaye Dallas, mjini Embu, ametuuliza afanyeje na viti viwili vya henzirani alivyoachiwa na marehemu mamake, vilivyosafirishwa kutoka Mombasa. Vimepauka, na mumewe ameanza kuulizia bei ya sofa. Twamwambia asiviuze. Kiti ambacho fito zake hazijaliwa na wadudu hakijafa, kimepoteza rangi tu.

Henzirani si mwanzi. Mwanzi una uwazi ndani; henzirani imejaa, na ganda lake ni gumu, linang'aa, wala halinywi rangi upesi. Hayo niliyajua kwa aibu. Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia Idi, nilipaka rangi ya mbao juu ya vanishi kuukuu. Ami yangu alipoinuka baada ya biriani, mgongo wa kanzu yake nyeupe ulikuwa na mistari ya kahawia kama punda milia.

Basi na aanze kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, apenyeze ndani ya misuko, kisha aanike kivulini. Huku pwani siku moja yaweza kutosha. Embu, hasa mwezi wa Julai wenye baridi na manyunyu, angoje mbili au tatu. Kikishakauka, akisugue kwa msasa laini akifuata urefu wa ufito hadi mng'ao utoweke, na vumbi alifute lote.

Rangi iwe ya mbao, ile ya mafuta, izimuliwe kwa tapentaini kidogo. Aijaribu kwanza chini ya kiti, kwani iliyokoza ni taabu kuiondoa. Apake kwa brashi, na kabla haijakauka afute ziada kwa kitambaa. Mipako miwili myepesi, siku nzima baina yake, ni bora kuliko mmoja mzito. Vanishi huja mwisho.

Kazi hii ni ya uani, mbali na watoto, na mwenye mimba amwachie mwingine. Vile vitambaa vyenye mafuta visifumbatwe na kutupwa pembeni: vikirundikana huweza kupata moto na kuwaka vyenyewe, na mtaani ambako nyumba zimepakana, moto wa mmoja ni wa wote. Avitandaze nje kimoja kimoja vikauke.

Ami yangu, hata leo, hagusi kiti changu kabla ya kuuliza kilipakwa lini.