Anayelala Maktabani Si Mvivu

Katika maktaba ninayosomea hapa Mbarara kuna karatasi iliyobandikwa ukutani, karibu na rafu za magazeti. Inakataza mambo manne: kula, kupiga simu, kuongea kwa sauti na kulala. Matatu ya kwanza nayaelewa. Anayekula huchafua vitabu. Anayepiga simu na anayeongea huwasumbua wenzake. Lakini anayelala amemkosea nani? Nimewauliza wanafunzi wenzangu mara nyingi, na jibu ninalopata ni lile lile. Ni mvivu, wanasema. Maktaba ni mahali pa kusoma, mwenye usingizi aende kwake.

Naandika kulipinga jibu hilo, hasa hilo neno la mwisho: "kwake".

Mimi nimekulia Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi hayo yamekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo tunaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Kwetu tulikuwa watu tisa katika vyumba viwili vya udongo, na taa ya sola ilikuwa moja tu. Mama akiihitaji jikoni, mimi nafunga daftari. Mtoto akilia usiku, sote tunaamka. Nilipoingia chuoni, maktaba ilikuwa mahali pa kwanza maishani mwangu nilipopata meza ya peke yangu, taa ambayo hakuna aliyekuja kuichukua, na kimya. Mnajua nilifanya nini siku ya kwanza? Nililala. Kimya chenyewe kilinishinda.

Kwa hiyo ningepaswa kuwa mtu wa mwisho kumlaumu anayesinzia. Lakini sikuwa hivyo, na ni lazima nikiri kabla sijamnyooshea mtu mwingine kidole.

Muhula uliopita kulikuwa na kaka mmoja wa darasa letu aliyekuwa akilala maktabani karibu kila asubuhi, kichwa juu ya kitabu kilichofunguliwa, kwenye meza iliyo karibu na soketi. Mimi nilikuwa naitaka meza ile ili nichaji simu. Siku moja nilikwenda kumsema kwa mhudumu. Mhudumu akaja, akagonga meza kwa rula, akamwambia kwa sauti, "Sebo, hapa si hotelini!" Watu wakacheka. Mmoja akampiga picha akiwa bado anafuta mate mdomoni, na kabla ya saa sita picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mimi nilikaa kwenye meza yake na simu yangu ikajaa chaji. Yeye hakurudi tena maktabani muhula ule.

Likizo ilipofika, tulikutana ndani ya taksi ya kwenda Isingiro. Kumbe naye ni wa Nakivale, upande wa Juru. Hakujua kwamba ni mimi niliyemsema. Alinieleza kwamba usiku alikuwa akilinda duka mjini, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kipindi chake cha kwanza kilianza saa nne. Kati ya saa hizo hakuwa na mahali pa kuweka mwili wake. Chumba alichopanga walikuwa wanne wenye vitanda viwili, na nauli ya boda ya kwenda na kurudi ilikuwa inamaliza pesa ya chakula. Zamani wazazi wake walimtumia unga na maharage. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liligawa kaya za wakimbizi nchini Uganda katika makundi kulingana na hali zao, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Tangu hapo nyumbani kwao hakukubaki kitu cha kutuma. "Ndiyo nikatafuta kazi, ndugu yangu," aliniambia. "Sasa nasomea wapi? Hapo wanacheka."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wazee. Lakini mimi nilikuwa na njaa ileile, na bado sikumjua.

Sasa nijibu hoja za wanaogonga meza, kwa sababu si zote za kupuuzwa. Wanasema viti ni vichache, na anayelala anamnyima anayetaka kusoma. Hoja hiyo ni ya kweli wakati wa mitihani. Basi tuiseme hivyo: viti vikijaa, anayelala aamshwe kwa upole na ampishe mwenzake. Asubuhi ile mimi niliposhtaki, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Tulichokuwa tunalinda hakikuwa kiti.

Wanasema pia kwamba chuo ni mahali pa kufundishana nidhamu. Naam. Lakini mtu aliyekesha akifanya kazi usiku kucha, akaja darasani bila kukosa na akafungua kitabu hata macho yakamgomea, ni nidhamu gani hiyo anayohitaji kufundishwa kwa rula? Mimi niliyelala saa nane kitandani, nikaja kuchaji simu ili nitazame mpira, sikugongewa meza na mtu. Macho yangu yalikuwa wazi, na hilo lilitosha kuniita msomaji.

Tusidhani jambo hili ni la wakimbizi wa Uganda tu. Mwaka 2004 chuo kikuu cha New York, kimojawapo cha vyuo vya gharama kubwa nchini Marekani, kiligundua kwamba mwanafunzi wake mmoja alikuwa akilala chini kabisa katika maktaba ya Bobst kwa miezi kadhaa, kwa sababu hakuweza kulipia bweni. Chuo kilimpa chumba bila malipo hadi mwaka wa masomo uishe. Mwaka 2009 maktaba ya umma ya San Francisco iliajiri mfanyakazi wa ustawi wa jamii, awaelekeze watu wasio na makazi waliokuwa wakishinda humo. Sisemi Marekani wamemaliza tatizo. Watu bado wanalala barabarani huko. Nasema kwamba huko kuna waliomwona mtu aliyelala wakauliza maswali kabla ya kucheka.

Sisi tunaweza kufanya mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, neno "kulala" lifutwe kwenye ile karatasi, na mahali pake paandikwe kwamba viti vikijaa anayepumzika ampishe anayesoma. Pili, wahudumu wa maktaba wakimwona mwanafunzi analala kila siku, wamwarifu mlezi wa wanafunzi kwa siri, si kwa kumwadhibu bali kwa kumjua. Tatu, na hili ni letu wanafunzi: tuache kupiga picha watu waliolala. Mtu aliyelala hawezi kukataa.

Walimu wangu, mnaposahihisha kazi zetu mnajua nani ameandika vibaya. Hamjui nani ameandikia kwenye ngazi za duka saa tisa usiku, kwa mwanga wa simu. Ile maktaba ingeweza kuwaambieni, kama tusingemfukuza shahidi.

Yule kaka nilimweleza ukweli kabla hatujafika. Alinyamaza kitambo, akitazama migomba ya Isingiro ikipita dirishani. Kisha akaniuliza kama ile soketi bado inafanya kazi. Nilimwambia inafanya. Muhula huu nafika maktabani mapema, nawahi meza ile, naweka begi langu juu yake hadi atakapokuja kutoka lindoni. Mhudumu akikaribia na rula, nitamwomba anigongee mimi.